Underberg, Schierker Feuerstein, Aromatique au Jägermeister: uchukue chupa ipi?

Kila likizo ya kwenda nyumbani inapokaribia, simu huanza kuingia. Safari iliyopita wa kwanza kuwahi alikuwa baba mdogo, kutoka Tukuyu. "Mwanangu, ile dawa ya tumbo ya Wajerumani, ile ya chupa ndogo iliyovishwa karatasi, usije ukanisahau." Jina hakulijua. Alichokumbuka ni kwamba mgeni mmoja wa kanisani alimwonjesha baada ya chakula, tumbo likatulia. Siku mbili baadaye akapiga shemeji. Yeye alitaka "ile ya kulungu".

Wote wawili walikuwa wakizungumzia ukoo mmoja wa vinywaji, ila ndani ya ukoo huo ndugu hawafanani kabisa. Ninaishi Braunschweig, kaskazini mwa Ujerumani, na kwa miaka niliyokaa huku nimevionja vinne ambavyo watu huniulizia mara kwa mara: Underberg, Schierker Feuerstein, Aromatique na Jägermeister. Naviweka bega kwa bega hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kununua chupa moja na hataki kujuta, na pia kwa ajili ya mtu anayeletewa chupa asijue ameletewa nini. Nianze na neno linaloleta mkanganyiko wote, yaani hilo "dawa".

Nyuma ya kaunta ya mfamasia

Vinywaji hivi ni mitishamba iliyolowekwa kwenye pombe kali. Mizizi, magome, mbegu, maua na maganda ya machungwa hukaa humo mpaka pombe inyonye harufu, rangi na uchungu wake. Makapi huchujwa, maji huongezwa, na mara nyingi sukari pia. Mfamasia wa karne ya 19 alitengeneza dawa zake za maji kwa njia hiyohiyo, kwa sababu pombe hutoa ndani ya mzizi vitu ambavyo maji peke yake hayavitoi, na huvizuia visioze. Alikuwa na pombe safi, alikuwa na mizani, alikuwa na droo zilizojaa mizizi mikavu. Si ajabu kwamba baadhi ya pombe hizi zilizaliwa dukani kwake.

Na uchungu wenyewe si wa bure. Mzizi wa jentiana, ua la milima ya Ulaya, ni miongoni mwa vitu vichungu kabisa ambavyo ulimi wa binadamu umewahi kukutana navyo. Uchungu ukigusa ulimi, mate hutoka na tumbo hujiandaa kupokea chakula. Sisi tulionyweshwa muarobaini utotoni tumelelewa na imani hiyohiyo, kwamba kichungu ndicho kinachotibu.

Tatizo ni kwamba uchungu huu umebebwa na pombe, na pombe nayo ina kazi yake mwilini. Mwaka 2010 watafiti wa Zürich walichapisha jaribio walilofanya na watu 20 waliolishwa jibini ya kuyeyushwa. Baadhi walishushia kwa mvinyo mweupe, wengine kwa chai ya rangi, na baadaye baadhi wakaongezewa pombe kali ya matunda. Kadiri pombe ilivyozidi, ndivyo tumbo lilivyochelewa kukiachilia chakula. Kwa hiyo ule utulivu anaousikia mtu akishusha kikombe baada ya kula ni joto la pombe zaidi kuliko chakula kusagika.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inalijua hilo. Kinywaji chenye kilevi kinachozidi asilimia 1.2 hakiruhusiwi kujinadi kwamba kinaleta afya. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya iliwakatalia wakulima wa zabibu wa Ujerumani hata neno *bekömmlich*, ambalo ni kama kusema kinywaji hakisumbui tumbo. Ndiyo maana ukishika chupa hizi leo utasoma habari za babu mwanzilishi, mwaka na idadi ya mitishamba. Ugonjwa hautajwi.

Kuna kimoja kilichobaki upande wa dawa kweli. Kinaitwa Klosterfrau Melissengeist, cha Köln, kilichoanzishwa mwaka 1826 na mtawa aliyeitwa Maria Clementine Martin. Kina mimea 13, mingi yake ungeikuta kwenye kapu la pilau: karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi, kungumanga, pilipili manga. Mpaka leo huuzwa kama dawa, kwa kijiko, kikiwa na karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Kilevi chake ni asilimia 79. Hicho sikilinganishi na hivi vinne, kwa sababu hakuna anayekaa mezani akakinywa kwa starehe. Nimekitaja ili ujue tofauti ipo, na inaandikwa.

Schierker Feuerstein, mtoto halisi wa duka la dawa

Hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote, na nitakaa nacho kidogo.

Schierke ni kijiji kwenye milima ya Harz, chini ya mlima Brocken wenye mita 1,141. Unafika kwa treni ya moshi inayotoka Wernigerode na kupanda taratibu katikati ya misonobari. Mara ya kwanza nilishuka pale ukungu ukiwa umefunika kila kitu, harufu ya makaa ya mawe imeganda kwenye koti langu, na kwa dakika chache nilijihisi niko Tukuyu mwezi wa sita. Karibu na stesheni kuna majabali ya mawe mekundu yanayoitwa Feuersteinklippen. Rangi ya mawe yale ndiyo rangi ya kinywaji, na jina limetoka hapohapo.

Aliyekitengeneza ni Willy Drube, mfamasia wa kijiji, mwaka 1908. Duka lake liliitwa Zum Roten Fingerhut, jina la ua jekundu linaloota porini kwenye milima ile. Kutoka ukoo wa ua hilo madaktari wamepata dawa ya moyo, na ua lenyewe ni sumu ukilichezea. Haki ya jina na mchanganyiko wake ililindwa rasmi mwaka 1924. Kisha ikaja vita, na baada ya vita mpaka. Schierke ikabaki Ujerumani Mashariki, tena ndani ya eneo lililofungwa ambalo mgeni hakuingia bila kibali. Familia ikaanza upya upande wa pili wa milima, Bad Lauterberg, huku Schierke nako uzalishaji ukiendelea. Kwa miaka mingi kinywaji kimoja kikawa kinatoka pande mbili za uzio mmoja. Baada ya nchi kuungana, familia ilirudishiwa chake. Nyumba ya duka la dawa bado ipo, na ndani yake utauziwa chupa.

Kilevi ni asilimia 35. Wenyewe hukiita *Halbbitter*, nusu-chungu, na kwangu mimi hilo ndilo jina sahihi kuliko yote kwenye rafu hii. Kikigusa ulimi kinaanza na utamu, katikati unasikia joto kama la mdalasini, kisha uchungu unakuja nyuma ukiwa umeshameza, unakaa kidogo na kuondoka. Hakikwarui koo. Mtu ambaye hajawahi kunywa kitu cha aina hii hakimtishi, na mzoefu hakimchoshi. Kasoro yake ni moja: ukitoka nje ya Harz na mikoa ya jirani, kukipata ni kazi.

Aromatique, cha mfamasia wa Wamoravian

Hapa naomba wasomaji wa Mbeya na Tabora wakae vizuri. Kati ya miji ya Erfurt na Gotha, jimbo la Thüringen, kuna mahali panaitwa Neudietendorf. Palijengwa karne ya 18 na Wamoravian, watu wa Herrnhut, kanisa lilelile lililokuja kufika Rungwe mwaka 1891. Mfamasia wa jumuiya hiyo, Daniel Thraen, ndiye aliyetengeneza Aromatique mwaka 1828. Kwa umri kimeipita Underberg, na kimemtangulia Drube kwa miaka 80.

Nilipoijua habari hiyo nilikaa kimya. Nimekulia kwenye nyumba ambayo chupa ya pombe kali haikuvuka kizingiti kwa sababu tulikuwa Wamoravian, kumbe ndugu zetu wa Ujerumani walikuwa na yao, ya dukani kwa mfamasia, karibu karne mbili sasa. Simlaumu mtu. Wakati ule hapakuwa na vidonge vya tumbo, na kilichokuwapo ni mizizi na pombe.

Kilevi ni asilimia 40, kwa hiyo ni kikali kuliko Feuerstein, na ladha inayokutangulia puani kabla ya mdomoni ni viungo. Ukifungua kizibo, harufu ya karafuu na mdalasini inapanda kama vile mtu amefunua sufuria ya pilau chumba cha pili. Utamu upo lakini haujazidi. Anayependa chai ya viungo na kahawa ya tangawizi atakielewa mara moja. Asiyependa karafuu asikiguse, maana hakuna mahali pa kujificha. Hata Ujerumani kwenyewe watu wengi wa magharibi hawakijui. Ni kitu cha Thüringen, na watu wa kule wanakipenda kwa dhati.

Nikikinusa huwa nawaza Unguja na Pemba. Mwaka 1828 karafuu za Unguja zilikuwa bado ni kilimo kichanga. Huenda mfamasia huyo alinunua kwa watu waliozileta kutoka kwingineko. Lakini kufikia katikati ya karne ile visiwa vyetu ndivyo vilivyokuwa vinalisha dunia karafuu, na wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na ofisi zao Mji Mkongwe.

Underberg, chungu kama shubiri

Hii ndiyo ya baba mdogo. Wengi hudhani nayo ni ya mfamasia, kwa sababu kichupa kinafanana na cha dawa ya kikohozi. Sivyo. Hubert Underberg alikuwa mfanyabiashara wa Rheinberg, karibu na mpaka wa Uholanzi, na alianzisha kampuni tarehe 17 Juni 1846, siku ileile aliyofunga ndoa na Katharina Albrecht. Jina la mke likaingia kwenye jina la kampuni. Kichupa cha mililita 20 kilianza mwaka 1949, na mpaka leo kimevishwa karatasi ya kahawia inayokwaruza vidoleni kama ganda kavu la hindi. Mitishamba yake hutoka nchi 43, na mchanganyiko hupumzishwa miezi kadhaa kwenye mapipa ya mwaloni. Familia imeushikilia msemo wa Kilatini *Semper idem*, daima vilevile.

Kilevi ni asilimia 44, kikubwa kuliko vyote vinne. Utamu usiutafute. Unachopata ni uchungu uliosimama wima, halafu mizizi, halafu ubaridi fulani kama wa mnanaa, halafu uchungu tena. Watengenezaji wenyewe hawakushauri ukinywe kwa kuonjaonja. Unamimina kichupa chote kwenye gilasi yake ndefu nyembamba na kukishusha mara moja. Mara ya kwanza nilikionja kwa ncha ya ulimi, nikaona dunia imenigeuka. Mara ya pili nilifuata maelekezo na nikaanza kukielewa.

Uzuri wake mkubwa kwangu ni kipimo. Kichupa kikiisha kimeisha, hakuna "niongeze kidogo". Kwa mwenye nyumba anayetaka kuwapa wageni kitu baada ya chakula kizito bila kuacha chupa wazi mezani usiku kucha, hakuna kinachoshinda hiki.

Jägermeister, huyo kulungu

Jägermeister kinatengenezwa Wolfenbüttel, mji wa jirani yangu. Wilhelm Mast alianza biashara pale mwaka 1878, mwanzo ikiwa ya siki. Mwanawe Curt Mast alikamilisha mchanganyiko wa mitishamba 56 mwaka 1934, na mwaka uliofuata ukaingia sokoni. Kulungu mwenye msalaba unaong'aa katikati ya pembe ametoka kwenye simulizi la mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji. Mwaka 1973 kichwa hicho kilitua kwenye jezi za Eintracht Braunschweig, klabu ya kwanza ya Bundesliga kuvaa tangazo kifuani. Hapa kwetu wazee bado wanaisimulia kama jana.

Kilevi ni asilimia 35, sawa na Feuerstein, ila Jägermeister ni kitamu zaidi, kizito zaidi, chenye harufu ya machungwa na anisi. Kiwe baridi sana, kitoke kwenye friza. Kikiwa na joto la chumba kinanata mdomoni kama dawa ya kifua. Ni kizuri kwa mkusanyiko wa vijana, na hapo ndipo pia hatari yake ilipo, kwa sababu utamu na baridi vinaficha ukali, na mtu anafika gilasi ya tano akidhani ni ya pili. Nilimwambia shemeji kwamba kukibeba kutoka Ujerumani ni kupoteza kilo za begi. Kiko kwenye maduka ya viwanja vya ndege na supamaketi kubwa za miji yetu.

Nani achukue ipi

Weka kipimo kimoja cha mililita 20 cha kila kimoja mezani. Underberg kitakupa takriban gramu 7 za kilevi, Aromatique gramu 6 na kidogo, Feuerstein na Jägermeister gramu 5 na nusu kila kimoja. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Maana yake vichupa vitatu vya Underberg ni sawa na bia hiyo nzima, hata kama mkononi vinaonekana kama dawa ya mtoto.

Kama unanunua zawadi kwa mtu usiyemjua ladha yake, chukua Feuerstein. Uchungu na utamu vimepatana ndani yake, na habari ya mfamasia na mpaka ni kitu cha kusimulia chupa inapofunguliwa. Kama mwenyeji anapenda viungo, hasa mtu wa pwani anayekunywa pombe, Aromatique atakikumbuka zaidi, ila itabidi uende au uagize Thüringen. Anayependa kahawa kavu isiyo na sukari na mboga chungu, mpelekee Underberg. Jägermeister nakiweka mwisho. Si kibovu, ni kwamba kati ya vinne hivi ndicho kisichohitaji msaada wako kufika popote.

Kuhusu begi: mashirika ya ndege hukuruhusu kuweka kwenye mzigo wa chini hadi lita 5 za pombe ya kati ya asilimia 24 na 70, ikiwa kwenye chupa zilizofungwa za dukani. Vyote vinne vinapita. Melissengeist ya asilimia 79 imezidi kiwango hicho, kwa hiyo waulize kwanza shirika lako la ndege. Vichupa vya Underberg, kwa udogo wake, vinaingia hata kwenye ule mfuko wa plastiki wa vimiminika unaobeba mkononi.

Na jambo ambalo naomba lisirukwe. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ini linalosumbua, mjamzito, na yeyote anayemeza metronidazole, ambayo wengi tunaiita Flagyl, asipewe hata kimoja cha hivi kwa jina la dawa. Flagyl na pombe havikai pamoja. Karatasi ya dawa inakataza. Nalisema kwa sababu kwetu mtu anayeumwa tumbo ndiye huyohuyo mwenye Flagyl mfukoni, na ndiye huyohuyo anayeagiza "dawa ya Wajerumani".

Nilimpigia baba mdogo kabla sijasafiri. Ni mzee wa kanisa, na nilijua hajawahi kuambiwa kilichomo ndani ya kile kichupa. Nikamwambia: ni pombe, baba, asilimia 44, inapita hata konyagi. Simu ikanyamaza nikadhani imekatika.

"Asilimia 44?"

"Ndiyo, baba."

"Na yule mgeni alijua?"

Nikamwambia bila shaka alijua, ila kwao ni jambo la kawaida baada ya chakula, hakuwa na nia mbaya. Akaniuliza kama Wajerumani hawana kitu kingine cha tumbo. Nikamwambia wanacho: katika kila duka la dawa kuna pakiti ya chai ya shamari, anisi na kisibiti, wanayowapa hata watoto wachanga wanaosumbuliwa na gesi. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi niletee hiyo ya watoto," akasema, "na mama yako mdogo mletee pakiti yake, asije akanimalizia."

Nikaweka pakiti nne. Chupa ya Feuerstein nilimbebea shemeji, nikaifunga ndani ya sweta.